SOMO LA VIKUNDI: CHUJIO LIKIOSHWA LISIVUJE



Leo tunajifunza jambo linaloonekana dogo: kuunganisha tena chujio la maji ya kunywa baada ya kuliosha. Tunazungumza juu ya lile la ndoo mbili, moja juu ya nyingine, lenye kichungi cheupe cha udongo wa kuchomwa, mfano wa mshumaa mnene. Maji humiminwa ndoo ya juu, hupenya udongo polepole, kisha hudondoka ndoo ya chini yakiwa safi.

Mwenzetu mmoja aliosha chujio lake Jumamosi. Jioni akatuambia kwa furaha, "Siku hizi linakimbia kama mfereji!" Jumatatu tulipolifungua pamoja, tulikuta washa ya raba haipo. Ilibaki kwenye beseni. Kumbe maji yalikuwa yanapita kando ya kichungi, bila kuchujwa. Watoto walikuwa wameyanywa siku mbili, na mdogo wao alishaanza kuhara.

Basi tujue kuna kuvuja kwa aina mbili. Kule kwa nje tunakuona: mfereji unadondosha, sakafu inalowa. Hapo tunapoteza maji tu. Kule kwa ndani hakuonekani, nako ndiko kubaya zaidi, kwa sababu tunakunywa uchafu tukidhani ni maji safi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ndoo na mfereji wake kwa sabuni, kisha suuza vizuri. Kichungi usikitie sabuni. Kisugue kwa brashi laini na maji safi mpaka weupe urudi.

2. Kagua kila kitu. Kichungi chenye ufa, hata mwembamba kama unywele, hakifai tena. Washa iliyokauka, iliyopasuka au iliyobonyea upande mmoja, nunua nyingine. Tusikate kipande cha patipati tukasema kitafanya kazi!

3. Futa tundu la ndoo. Punje moja ya mchanga chini ya washa yatosha kuyapa maji njia.

4. Panga kwa utaratibu. Washa ya raba ikae ndani ya ndoo ya juu, kati ya kitako cha kichungi na sakafu ya ndoo. Shina lipite kwenye tundu. Upande wa chini weka washa ya pili kama ipo, halafu nati.

5. Shika kitako cha kichungi kisizunguke, ukaze nati kwa mkono. Spana tuiache. Ukikaza mno, plastiki hupasuka na washa hujikunja. Mfereji nao ni vivyo hivyo.

JARIBU KABLA YA KUTUMIA

Weka ndoo ya juu kwenye matofali mawili, shina likiwa wazi katikati. Mimina maji kidogo, yafunike kitako cha kichungi. Futa nati kwa kitambaa kikavu, kisha angalia kwa dakika 10. Maji yakitoka ndani ya shina, ni sawa. Yakitoka kando ya nati, fungua, futa, panga upya.

Pia pima mwendo. Chujio likiwa jipya, andika linachukua saa ngapi kujaza jagi moja. Baada ya kuosha, ni kawaida liende haraka kuliko lilipokuwa limeziba. Lakini likienda haraka kuliko lilipokuwa jipya, usifurahi. Lifungue utafute ufa, washa iliyokaa vibaya, au udongo uliokwisha kwa kusuguliwa.

Maji ya kwanza baada ya kuosha tusinywe, tumwagilie mboga. Tena tukumbuke kwamba udongo hauzuii virusi vyote. Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, maji yaliyochujwa tuyachemshe au tuyatie dawa ya klorini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani nyumbani huosha chujio? Je, amefundishwa?
2. Washa za akiba zinapatikana duka gani karibu nasi? Kikundi kinaweza kununua za pamoja?
3. Mkutano ujao, nani ataleta chujio lake tulijaribu mbele ya wote?

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Washa moja ni bei rahisi kuliko safari ya usiku kwenda zahanati na mtoto mgongoni.