Shibe na Kalori: Somo la Sahani ya Pwani

Watu wengi hudhani kuwa mtu hawezi kupunguza uzito wa mwili pasipo kushinda na njaa. Dhana hiyo si sahihi. Shibe na nishati ni vitu viwili tofauti, na vyakula vya kawaida vya Ziwani na vijiji vingine vya pwani ya Mtwara vyatosha kuonyesha tofauti hiyo.

Nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori, yaani kiasi cha joto kiwezacho kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa digrii 1 ya Selisiasi. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9. Gramu 1 ya wanga au protini hutoa 4. Maji hayatoi hata moja. Makadirio ya kilokalori katika gramu 100 ni haya:

Korosho: 550
Tui zito: 230
Muhogo mbichi: 160
Mbaazi zilizochemshwa: 120
Samaki mweupe wa kuchemsha: 100
Papai: 40
Mchicha uliochemshwa: 20

Hivyo, gramu 100 za korosho zina nishati sawa na karibu kilo 1.4 za papai.

Tumbo halihesabu kilokalori. Chakula kiingiapo, kuta zake hutanuka, na neva hupeleka habari hiyo kwenye ubongo. Protini na nyuzinyuzi huidumisha shibe. Mwaka 1999, Barbara Rolls na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio moja. Wanawake walipewa kitangulizi cha mlo kwa namna tatu: chakula peke yake, chakula hicho pamoja na gilasi ya maji, na chakula hicho kilichotiwa maji yale yale kikawa supu. Walipokunywa supu, walikula kidogo zaidi katika mlo wenyewe. Maji ya gilasi hayakuleta tofauti hiyo.

Basi, atakaye kupungua asiipunguze sahani, bali abadili vilivyomo: mchuzi wa samaki wenye nyanya na bamia, mbaazi, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri kwa tui jepesi, na ugali kiasi.

Hata hivyo, korosho si chakula kibaya. Katika nyumba moja huweza kuwamo mtu mnene anayekabiliwa na hatari ya kisukari, na mtoto aliyedhoofu, nao hula chungu kimoja. Mpishi aijuaye kanuni hii humwongezea wa kwanza mboga, na mtoto humtilia korosho zilizosagwa katika uji. Watoto, wajawazito, wanyonyeshao na wagonjwa wasipunguze chakula bila ushauri wa daktari.

Mazoezi

1. Gramu 200 za tui zito zina kilokalori ngapi? Zitakuwa ngapi iwapo mpishi atatumia gramu 50 za tui hilo na kulizimua kwa gramu 150 za maji?

2. Kwa nini gramu 100 za makopa zina nishati nyingi kuliko gramu 100 za muhogo mbichi?