Kwa Nini Wakuba Walihama Kwao?

Muhula uliopita sisi wa kidato cha tatu tulikuwa na mdahalo juu ya wahamiaji. Upande wangu ulishikilia kwamba watu huhama makwao kwa sababu ya njaa wala si siasa. Nilisimama kifua mbele nikatoa mfano wa Kuba. Nilikuwa nimesikia habari za madaktari wa Kuba waliokuja kufanya kazi katika hospitali zetu mwaka wa 2018, nikadhani ati naijua nchi yao. Mwalimu wetu wa historia akaniuliza swali moja tu: "Kama ni njaa, mbona wa kwanza kuondoka walikuwa matajiri?" Nikabaki kinywa wazi. Tulishindwa, na wenzangu wanajua ni kwa sababu ya nani. Makala haya ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Kutoka Kuba hadi Key West, kule Florida, ni kilomita 150 hivi za bahari, yaani kama mwendo wa Mombasa hadi Voi. Wakuba walianza kuivuka zamani. Katika karne ya 19, Uhispania ilipokuwa ingali inawatawala, mafundi wa kusokota sigara walihamia Key West na Tampa. José Martí, mpigania uhuru wao, alikwenda Tampa mwaka wa 1891 kuwahutubia. Kwa hivyo njia ilikuwapo, ila watu walikuwa wachache.

Mkondo wenyewe ulianza tarehe 1 Januari 1959. Dikteta Batista alitoroka usiku, Fidel Castro na wapiganaji wake wakashika hatamu. Wafuasi wa Batista waliondoka mbio. Serikali ilipoanza kutaifisha mashamba ya miwa, viwanda na kampuni za Wamarekani, wenye mali nao wakafunga virago, kisha madaktari na wahandisi. Kufikia mwisho wa 1962 walikuwa wamehama zaidi ya watu 200,000. Marekani iliwapokea kwa mikono miwili, maana kila Mkuba aliyekimbia alikuwa ushahidi dhidi ya ukomunisti. Kumbe mtu anaweza kukaribishwa si kwa sababu anahurumiwa, bali kwa sababu anafaa!

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la watoto. Ulienea uvumi kwamba serikali ingewanyang'anya wazazi haki ya kuwalea wana wao. Haikuwa kweli, lakini shule za kibinafsi zilikuwa zimetwaliwa, na wazazi wakaamini. Kati ya Desemba 1960 na Oktoba 1962, watoto zaidi ya 14,000 walipandishwa ndege kwenda Miami bila baba wala mama. Mpango huo uliitwa Operesheni Pedro Pan. Wazazi walidhani watawafuata baada ya miezi michache. Ghafla, Oktoba 1962, ukazuka mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, na safari za ndege zikakatika. Wengine walikaa miaka katika nyumba za watu wasiowajua kabla ya kuwaona tena wazazi wao. Mimi nina ndugu mdogo wa miaka minane ambaye humfikisha shuleni kwake kila asubuhi kabla sijaja hapa. Nilipofika mahali hapo niliacha kusoma kwanza.

Mwaka wa 1965 Castro alifungua bandari ya Camarioca, kisha zikaja ndege za kutoka Varadero hadi 1973. Vijana waliofikia umri wa jeshi hawakuruhusiwa. Nayo Marekani mwaka wa 1966 ikatunga sheria ya kuwapa Wakuba ukaazi wa kudumu kwa urahisi. Watu wa Haiti waliokimbia udikteta wa Duvalier kwenye bahari hiyo hiyo hawakupata sheria kama hiyo. Tangu 1981 mashua zao zilikuwa zikirudishwa. Je, hiyo ni haki?

Aprili 1980 basi lilivunja lango la ubalozi wa Peru mjini Havana, na mlinzi mmoja akauawa. Castro kwa hasira akawaondoa walinzi wote. Kwa siku chache tu watu zaidi ya 10,000 wakajazana mle, wengine juu ya miti. Basi akafungua bandari ya Mariel. Watu 125,000 hivi waliondoka kabla haijafungwa, miongoni mwao wafungwa na wagonjwa wa akili waliopakiwa kwa makusudi. Waliohama waliitwa takataka, na kuna waliotupiwa mayai na majirani zao wenyewe.

Njaa, ambayo mimi niliitanguliza, ilikuja baadaye. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, na mafuta na chakula vikaadimika Kuba, huku vikwazo vya Marekani vikiendelea. Agosti 1994, baada ya maandamano ufuoni Havana, Castro alisema hatamzuia mtu. Zaidi ya watu 30,000 waliingia baharini kwa vyelezo vya mbao na tyubu za malori. Rais Clinton akaamuru wapelekwe kambi ya Guantánamo, ambayo iko Kuba kwenyewe! Kuanzia 1995 kanuni ikawa hivi: ukikamatwa majini unarudishwa, ukikanyaga nchi kavu unabaki. Hatua moja tu mchangani! Kanuni hiyo iliondolewa Januari 2017. Upande wa Kuba, kibali cha kutoka nchini kilidaiwa mpaka 2013.

Mwalimu alisema kweli kuhusu wale wa 1959. Lakini na wale wa vyelezo? Njaa yao ilitokana na maamuzi ya Havana, Washington na Moscow, sasa niwaweke upande gani? Nimemwomba mwalimu turudie mdahalo ule muhula ujao, ila safari hii nipangwe upande wa siasa. Bado hajanijibu.