Rauta Mbili, Nyumba Moja: Nani Akae Mbele?



Somo letu safari hii limetokana na aibu kidogo. Nyumbani kwetu hapa Nyalikungu tuna rauta ya laini ya simu, na jioni wanafunzi huja barazani kusoma kwa intaneti hiyo. Tulinunua rauta ya pili, tukaiunganisha kwenye ile ya kwanza, tukawapa wanafunzi, tukaamini kuwa kompyuta ya ndani imesitirika. Wiki haikupita kijana mmoja akatuita pembeni: "Ustadh, nimeona maswali ya mtihani wa fiqhi. Niliandika namba tu, nikakuta mafaili yote." Maswali tuliyatunga upya usiku uleule, kisha tukakaa kutafuta kosa letu.

Tuanze na hizo namba. Kila kifaa kwenye mtandao hupewa anwani ya mafungu manne, mfano 192.168.1.5. Anwani za aina hii kwa dunia nzima ni kama bilioni 4.3, nazo hazitoshi. Mwaka 1994 yakatengwa makundi ya anwani za kutumika ndani ya nyumba na ofisi tu, likiwamo linaloanza na 192.168. Hizi hazitoki kwenda kwenye intaneti, hivyo sisi na jirani tunaweza kuwa na namba zilezile bila kugongana. Ni kama masanduku ya posta: sanduku namba 5 la Maswa si sanduku namba 5 la Bariadi. Ile 255.255.255.0 mnayoiona kwenye rauta maana yake ni kwamba mafungu matatu ya mwanzo ni jina la mji, na la mwisho ni namba ya sanduku. Mji mmoja hupata masanduku 254 ya kutumia.

Sasa, rauta nyingi hutoka dukani na mji uleule, 192.168.1 au 192.168.0. Ukiunganisha mbili zenye mji mmoja, ile ya pili haitajua barua ni ya ndani au ya nje. Basi iwasheni ya pili peke yake, fungueni ukurasa wake, badilisheni anwani yake iwe 192.168.2.1. Mkihifadhi, mawasiliano yatakatika. Msishtuke, unganisheni tena kwa anwani mpya. Hapohapo badilisheni na neno la siri la dukani, maana kila mtu analijua. Kisha waya utoke tundu la LAN la rauta ya kwanza uingie tundu la WAN la ya pili. Ukiingia LAN kwa LAN mtakuwa na mtandao mmoja tu, na rauta mbili zinazogombania kugawa anwani.

Hayo tuliyafanya sawasawa. Kosa letu lilikuwa nani akae wapi. Rauta huruhusu wa ndani yake kwenda nje na kurudishiwa majibu, lakini mgeni wa nje anayebisha bila kuitwa humzuia. Kwa rauta ya pili, "nje" ni pamoja na mtandao wa rauta ya kwanza. Tulipowaweka wanafunzi nyuma, tuliwapa njia ya kupita kwetu, na sisi ndio tuliokosa njia ya kwenda kwao!

Tukageuza. Wanafunzi wako kwenye rauta ya mbele, familia iko nyuma kwenye 192.168.2. Tulimwita kijana yuleyule aandike namba ya kompyuta yetu kwenye simu yake: haikufunguka. Sisi tukiwa ndani tukaandika 192.168.1.1, ukurasa wa rauta ya mbele ukafunguka mara moja.

Bado upo upungufu. Data zetu hupitia mtandao wa mbele, na mjuzi aliyeko huko anaweza kujaribu kuzinasa. Anayetaka kutenga kabisa huongeza rauta ya tatu: ya mbele haitumiwi na mtu, nyuma yake zinakaa mbili, moja ya wageni na moja ya nyumba. Sisi hatujainunua. Mtihani wa mwaka huu umo kwenye flashi, na flashi imo mfukoni.