Winchi ya Nanga: Kutoka Kamba Hadi Mnyororo

Ukisimama kwenye kivuko cha Kisorya, utaiona Ukerewe ng'ambo ya maji. Kivuko huenda Rugezi na kurudi. Kando yake zipo mashua za mbao. Mashua hizo hubeba dagaa, mihogo, machungwa na watu. Zikiwa hazifanyi kazi, hutiwa nanga.

Nanga ndiyo mlinzi wa mashua. Mwenye mashua akilala, nanga haitakiwi kulala. Usiku, mara nyingi upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nanga ikiachia usiku, mashua husukumwa kwenda maji makuu. Mchana upepo hugeuka, huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Nanga ikiachia mchana, mashua hutupwa kwenye mawe. Tena dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri, wakati watu wamelala.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wenye mashua huacha kamba na kununua mnyororo. Hilo ni jambo jema. Lakini wako wanaonunua mnyororo na kuufunga kwenye winchi ileile ya kamba. Hapo ndipo vidole hukatika na mashua hupotea. Somo letu la leo ni hili: anayebadili kamba kuwa mnyororo abadili pia winchi yake.

Winchi ni chombo cha kuzungusha kwa mkono ili kuvuta nanga. Watu wa pwani huiita duara.

1. Kwa nini nanga huachia?

Nanga ya jiwe hushika kwa uzito wake tu. Nanga ya chuma hushika kwa kuchimba. Makucha yake huingia kwenye matope au mchanga.

Wewe unayelima kwa ng'ombe unaijua kazi ya plau. Mnyororo wa plau ukiwa mrefu, plau huingia ardhini vizuri. Ukiufupisha sana, plau huinuka na kulima juu juu. Nanga ni hivyo hivyo. Ikivutwa kwa kulala chini, huchimba. Ikivutwa kwenda juu, hung'oka.

Kamba ni nyepesi. Upepo ukivuma, kamba yote hunyooka na kuiinua nanga. Mnyororo ni mzito. Sehemu yake hulala chini ya ziwa, na nanga huvutwa kwa kulala. Mawimbi yanapokuja, kwanza yanalazimika kuuinua mnyororo huo mzito. Kwa hiyo nanga haishtuliwi haraka.

Iko faida nyingine. Kandokando ya ziwa letu kuna miamba mingi. Kamba ikisuguana na mwamba usiku kucha, hukatika. Mnyororo haukatwi na mwamba kwa urahisi.

2. Je, kila mashua inahitaji mnyororo mtupu?

Hapana. Mtumbwi mdogo usibebeshwe mnyororo mrefu. Mwenye mtumbwi anaweza kufunga mnyororo wa mita 5 au 6 kwenye nanga, kisha aendelee na kamba. Mnyororo utalala chini kwenye mawe na matope. Kamba itabaki juu, na mikono itatosha kuivuta. Njia hii ni ya bei nafuu, na haihitaji winchi mpya.

Mnyororo mtupu unafaa mashua kubwa yenye sakafu imara mbele. Mashua kama hiyo ndiyo tunayoizungumzia katika sehemu zinazofuata.

3. Winchi ya kamba na tabia ya mnyororo

Winchi ya kamba ina gogo la mviringo lililo laini. Kamba huzungushwa mara tatu au nne kwenye gogo hilo. Kamba ni laini, hubana gogo na kulishika.

Mnyororo haubani. Pete zake za chuma hugusa gogo mahali pachache tu. Ukilowa, huteleza. Ukiteleza, uzito wote hurudi majini kwa kasi, na mkono wa winchi huzunguka kinyume kwa nguvu. Mtu aliyesimama karibu huvunjwa mkono.

Wengine husema, "Nitauzungusha mnyororo wote kwenye gogo kama uzi." Hilo nalo lina hasara. Mnyororo hujirundika, gogo huwa nene, na kuzungusha huzidi kuwa kuzito. Kisha rundo huporomoka upande mmoja.

Meli kubwa nazo zilipitia mabadiliko haya. Kwa karne nyingi zilifungwa kwa kamba nene za katani. Mwaka 1808 Samuel Brown, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipewa hati ya uvumbuzi wa minyororo ya meli. Minyororo ilipoenea, winchi za meli nazo zilibadilishwa. Ziliwekewa magurudumu yenye vishimo vya kushika pete za mnyororo.

4. Mambo sita ya kubadili

Kwanza, gurudumu. Ondoa gogo laini. Weka gurudumu la chuma lenye vishimo. Kila pete ya mnyororo hulala katika kishimo chake, nayo haitelezi. Vishimo lazima vilingane na mnyororo wako. Minyororo miwili inaweza kuwa na unene mmoja wa milimita 8, lakini pete za mmoja zikawa ndefu kuliko za mwingine. Kwa hiyo, usinunue gurudumu kwa kukisia. Chukua kipande cha mnyororo wako, ukijaribu kwenye gurudumu kabla ya kulipa. Pete zikipanda juu ya vishimo, gurudumu hilo si lako.

Pili, njia ya mnyororo. Mnyororo ukumbatie gurudumu angalau robo ya mzunguko. Nusu ya mzunguko ni bora zaidi. Mbele kabisa ya mashua weka kigurudumu cha kupitishia mnyororo, ili usikate mbao. Kigurudumu hicho na winchi vikae katika mstari mmoja ulionyooka.

Tatu, kizuizi. Winchi iwe na ulimi wa chuma unaoangukia kwenye meno. Ulimi huo huzuia gurudumu lisirudi nyuma unapopumzika. Lakini ulimi si wa kushikilia mashua usiku kucha. Kazi hiyo ni ya nguzo imara iliyofungwa kwenye mbavu za mashua. Tutaieleza mbele.

Nne, sakafu. Winchi ya mnyororo huvuta kwa nguvu kubwa. Ukiipigilia misumari kwenye ubao mwembamba, itang'oka pamoja na ubao. Weka ubao mnene chini ya sakafu. Pitisha boliti kutoka juu hadi chini. Tia washa pana, kisha kaza nati.

Tano, sanduku la mnyororo. Mnyororo ukitoka kwenye gurudumu uanguke wenyewe kupitia tundu, uingie sandukuni. Kutoka tundu hadi juu ya rundo ibaki nafasi ya sentimita 30 au zaidi. Nafasi ikiwa ndogo, mnyororo utajaa na kukwama. Sanduku likae chini, na lisiwe kwenye ncha kabisa ya mbele. Liwe na matundu ya kutoa maji.

Sita, mwisho wa mnyororo. Mwisho usiachwe wazi. Mwenye kusahau atauona mnyororo wote ukienda ziwani. Lakini usiufunge kwa chuma. Ufunge kwa kamba imara ya nailoni, ndefu ya kufika juu sakafuni. Siku ya hatari, kwa mfano chombo kikubwa kikija juu yenu, utakata kamba hiyo kwa kisu na kuondoka. Nanga inaweza kutafutwa kesho. Watu hawatafutwi kesho.

5. Tufanye hesabu

Tuseme kina cha maji ni mita 6. Kutoka usawa wa maji hadi kwenye winchi ni mita 1. Jumla ni mita 7.

Ukitumia mnyororo mtupu, toa mara 5 ya jumla hiyo:
7 × 5 = mita 35.

Ukitumia kamba yenye kipande cha mnyororo, toa mara 7:
7 × 7 = mita 49.

Hali ya hewa ikiwa mbaya, ongeza.

Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa karibu kilo 1.4 kwa kila mita. Mita 35 zina uzito gani?
35 × 1.4 = kilo 49.

Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Kwa hiyo ukiweka mnyororo huu, ni kama umeweka mfuko wa saruji mbele ya mashua na kuuacha humo siku zote. Punguza mzigo wa mbele. Ukiona mashua imeinama mbele, usiondoke. Kabla ya kuanza kazi hii, shauriana na fundi wa mashua na mkaguzi wa vyombo wa TASAC.

Sasa tupime nguvu ya mikono. Nanga ina kilo 20. Je, utainua kilo 20 na kilo 49 pamoja? Hapana. Mnyororo uliolala chini ya ziwa hauuinui. Mashua ikiwa juu ya nanga, unainua nanga na mita 7 zinazoning'inia tu.
7 × 1.4 = kilo 9.8.
Ukijumlisha na nanga, ni karibu kilo 30.

Mkono wa winchi una urefu wa sentimita 40. Kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye mnyororo ni sentimita 8.
40 ÷ 8 = 5.
Winchi inakupunguzia uzito mara 5. Kilo 30 zinakuwa kama kilo 6. Ongeza kidogo kwa sababu ya msuguano. Mtu mmoja anaweza kazi hiyo.

6. Kushusha na kupandisha nanga

Unaposhusha, usiuachie mnyororo ukimbie. Shusha polepole kwa breki au kwa mkono wa winchi. Nanga ikigusa chini, acha mashua irudi nyuma taratibu huku ukitoa mnyororo. Ukiurundika wote mahali pamoja, utaisonga nanga.

Ukimaliza kutoa, chukua kamba fupi ya nailoni yenye ndoana ya chuma. Tia ndoana kwenye pete ya mnyororo. Funga kamba kwenye ile nguzo imara. Kisha legeza mnyororo kidogo, ili mvuto wote uwe kwenye kamba na nguzo. Nailoni hunyumbuka, nayo hupokea mshtuko wa mawimbi. Mnyororo haunyumbuki. Usipofanya hivyo, kila wimbi litaipiga winchi yako mpaka asubuhi.

Unapopandisha, usiivute mashua kwa winchi kushindana na upepo. Peleka mashua mbele kwa injini au kwa makasia. Winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu. Nanga ikigoma kwenye matope, funga mnyororo kwenye nguzo ukiwa wima, na mawimbi yataitikisa mpaka iachie.

Kumbuka:

Usisimame juu ya mnyororo wala usiuweke kati ya miguu yako.
Usivae nguo inayoning'inia, kama kanga au shati lisilofungwa vifungo.
Usishike mnyororo karibu na gurudumu.
Watoto na abiria wakae mbali na winchi.
Paka rangi alama kwenye mnyororo kila mita 5, upate kujua umetoa mita ngapi.
Kila mwezi kagua pete, pini na boliti. Pete iliyolika kwa kutu ibadilishwe.

Ndugu mwanakisomo, mnyororo ni ghali, na winchi ni ghali. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, anza na kipande kifupi cha mnyororo na kamba nzuri. Endelea kuweka akiba. Hiyo ni salama kuliko mnyororo mrefu kwenye winchi isiyoufaa.

Maneno ya kukumbuka

Kishimo: tundu dogo lisilotokea upande wa pili.
Kunyumbuka: kuvutika bila kukatika.
Msuguano: hali ya vitu viwili kusuguana.
Ulimi: kipande cha chuma kinachozuia meno ya winchi.

Maswali

1. Kwa nini nanga hushika vizuri ikivutwa kwa kulala chini?
2. Taja mambo sita ya kubadili kwenye winchi.
3. Kwa nini mwisho wa mnyororo hufungwa kwa kamba na si kwa chuma?
4. Kina cha maji ni mita 4, na winchi iko mita 1 juu ya maji. Utatoa mita ngapi za mnyororo mtupu? Uzito wake ni kilo ngapi, kama kila mita ni kilo 1.4?
5. Nendeni pamoja mwaloni. Chagueni mashua moja, mwombeni mwenyewe ruhusa, kisha muitazame nanga yake. Je, imefungwa kwa kamba au kwa mnyororo? Mvuto wake uko wapi: kwenye winchi au kwenye nguzo? Rudini darasani mwandike mliyoyaona.