Akiba ya Nyumbani: Punguza Upotevu, Usipunguze Haki

Na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Masomo ya Kiislamu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Muhula unapofunguliwa hapa Mbale, karo ya wengi wetu hutoka katika jasho la nyumbani. Mzazi ameuza magunia ya mahindi, au mbuzi, au amejinyima kwa miezi kadhaa. Baadhi yetu tayari tuna familia zetu, na waliobaki, inshaallah, hawako mbali. Kwa hiyo suala la familia kuweka akiba ni letu sisi wenyewe, wala si la wazee peke yao.

Katika somo hili tutashika msingi mmoja: akiba ya halali hutoka katika kile kinachopotea bure. Haitoki katika haki ya mtu. Anayeuelewa msingi huu ataweza kubana matumizi bila kuwa bahili, na atatoa bila kuwa mbadhirifu.

1. Tutenganishe maneno manne

Wanazuoni wanatofautisha mambo ambayo sisi huyachanganya katika mazungumzo ya kila siku.

Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali, kama kupika chakula cha watu kumi kwa ajili ya watu wanne.

Tabdhiri, yaani ubadhirifu, ni kutumia mali mahali pasipostahiki. Ibn Mas'ud na Ibn Abbas (r.a.) waliifasiri kuwa ni kutoa mali isivyo haki. Kwa maana hiyo hata pesa kidogo inayotumika katika haramu ni tabdhiri.

Bukhli, yaani ubahili, ni kuzuia kilicho wajibu kutolewa.

Iqtisadi ni kwenda katikati.

Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wanapotoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili. Suratul Israa aya ya 29 inakataza mkono kufungwa shingoni, na inakataza pia kuukunjua wote. Tazama kwamba makatazo yako pande zote mbili. Baba anayejisifu kuwa ameweka akiba huku watoto wake wanalala njaa hajafika katikati. Ameruka upande mmoja na kuangukia wa pili.

2. Je, akiba inapingana na tawakkul?

Wapo wanaosema kwamba riziki ya kesho ina mwenyewe, basi hakuna haja ya kuweka kitu. Jibu liko katika Sunna. Umar (r.a.) amesimulia, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima kutokana na mitende ya Banu Nadhir. Hakuna aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kumshinda yeye, na bado aliweka.

Katika Suratu Yusuf, aya ya 47 hadi 49, Nabii Yusuf (a.s.) anaelekeza watu walime miaka saba, waiache nafaka katika mashuke yake isipokuwa kile kidogo wanachokula, kwa sababu miaka saba ya shida inakuja. Hapo kuna mafunzo mawili. Kwanza, akiba huwekwa wakati wa neema, kabla shida haijabisha hodi. Pili, namna ya kuhifadhi ina umuhimu wake: nafaka iliyobaki katika shuke hudumu. Mkulima anayevuna mahindi mengi kisha yakaliwa na wadudu ghalani hajaweka akiba, amewalisha wadudu.

3. Haki zinazotangulia akiba

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Haki ya kwanza ni nafaka, yaani matumizi ya mke na watoto. Suratut Talaq aya ya 7 inampima kila mtu kwa uwezo wake: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichopewa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kipimo cha chakula cha mke kwa siku: mwenye uwezo vibaba viwili, wa kati kibaba kimoja na nusu, mwenye dhiki kibaba kimoja. Huo ni udhahiri kwamba hata maskini ana kiwango ambacho hawezi kushuka chini yake.

Zaidi ya hapo, kwa madhehebu haya nafaka ya mke ambayo mume hakuitoa haipotei kwa kupita siku. Inabaki kuwa deni juu yake. Basi mume anayempunguzia mke wake haki ili daftari lake la benki linenepe hajaweka chochote. Anakusanya deni atakaloulizwa.

Hindi binti Utba (r.a.) alipolalamika kwamba mumewe, Abu Sufyan, alikuwa hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake, Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachowatosha kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Neno "kwa wema" linawafunga wote wawili: mume asinyime, na mke asichukue zaidi ya haja.

Haki ya pili ni mali ya mke mwenyewe. Mshahara wake, mtaji wa biashara yake na mahari yake ni vyake. Zainabu, mke wa Ibn Mas'ud (r.a.), alipotaka kumsaidia mumewe kwa sadaka, Mtume (s.a.w.) alimbashiria ujira mara mbili. Kama mali yake ingekuwa ya mume tangu mwanzo, isingeitwa sadaka. Dada aliyeajiriwa akichangia akiba ya nyumba, huo ni wema wake na ashukuriwe. Haulazimishwi.

Haki nyingine ni deni, ujira wa mfanyakazi na zaka. Akiba ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5, hata kama imekusudiwa karo.

4. Mahali pesa inapovuja

Haki zikishalindwa, sasa tutafute upotevu. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Ukweli ni kwamba haba na haba pia hukimaliza kibaba.

Maji. Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho, yaani mudd, ni karibu robo tatu ya lita. Kwa kipimo hicho jerikani moja ya lita 20 inatosha udhu zaidi ya mara 25. Sasa angalia bomba la msikitini linavyoachwa wazi tunapopaka kichwa! Katika nyumba inayonunua maji kwa jerikani, kutawadha kwa kopo badala ya bomba ni Sunna na ni akiba kwa wakati mmoja.

Jiko. Maharage yakilowekwa usiku huiva upesi na makaa hupungua. Sufuria ifunikwe. Makaa yaliyobaki baada ya kupika yazimwe, yatumike kesho. Maji ya chai yachemshwe mara moja asubuhi na kuwekwa katika chupa ya chai, badala ya kuwasha jiko mara tatu. Mtume (s.a.w.) ameelekeza tonge lililoanguka liokotwe, lisafishwe na kuliwa, kwani hatujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula. Nyumba inayoheshimu tonge haitatupa nusu sufuria ya posho.

Kununua kidogo kidogo. Familia yenye kipato kidogo hununua makaa ya siku moja, sukari ya vijiko na kipande cha sabuni, na mwishowe hulipa zaidi kwa kilo kuliko jirani anayenunua gunia. Maskini ndiye anayelipa ghali. Dawa yake ni ushirika: nyumba tatu zichange, zinunue gunia moja la makaa au mche mzima wa sabuni, kisha zigawane kwa kipimo cha haki. Sabuni ikikatwa na kuachwa ikauke, hudumu zaidi.

Simu. Ada ya kutoa pesa kwa wakala huenda kwa ngazi, kwa hiyo anayetoa kiasi kidogo mara tano kwa kawaida hulipa ada zaidi kuliko anayetoa mara moja. Juu ya hiyo, tangu mwaka 2018 hapa Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa. Kinachoweza kulipwa moja kwa moja kwa simu kilipwe hivyo, na pesa ya matumizi itolewe kwa mpango.

Kutengeneza kabla ya kununua. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na alipomwona kondoo aliyekufa, aliyekuwa wa huria wa Bibi Maimuna (r.a.), aliuliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Walipojibu kuwa ni mzoga, aliwafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Ikiwa hata mzoga una kitu cha kunufaisha, vipi kuhusu sare ya shule iliyochanika mfukoni, au viatu vinavyohitaji gundi na uzi?

Vitu vya kila siku. Chukulia soda moja ya shilingi 1,500 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 547,500. Hatusemi soda ni haramu. Tunasema inywewe kwa kujua bei yake ya mwaka.

5. Tuiweke wapi?

Familia ikishaokoa pesa, hatari mpya inaanza: riba.

Vijijini kwetu kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama hukusanya pesa kila wiki, humkopesha mwenzao kwa nyongeza ya kila mwezi, na mwisho wa mwaka hugawana akiba pamoja na nyongeza zile. Nyongeza juu ya mkopo ni riba, hata kama wanachama ni majirani wanaopendana na hata kama wameridhiana. Mama zetu wengi wamo humo bila kujua. Ni wajibu wetu tuliosoma kuwaeleza kwa adabu na kuwaonyesha mlango mwingine, kwa sababu kusema "haramu" kisha kuondoka si kufundisha.

Mlango uliopo ni mchango wa zamu, ambao Watanzania huuita upatu, Wakenya huuona katika chama cha mzunguko, na kina mama wa Uganda huuita nigina. Kila mmoja hutoa kiasi sawa, na kila zamu mmoja hupokea chote, bila nyongeza. Jambo hili si geni katika fiqhi. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa Kishafi, ametaja mchango wa namna hii uliojulikana kwa wanawake wa zama zake, akanukuu kutoka kwa Waliyyuddin al-Iraqi kuwa unajuzu. Katika zama zetu Shaykh Ibn Baz na Shaykh Ibn Uthaymin waliujuzisha pia. Masharti yake ya busara ni matatu: wanachama wawe waaminifu na wanaofahamiana, zamu ziandikwe, na anayekwisha kupokea asiache kuchangia, kwani lililobaki ni deni.

Kikundi kinachotaka faida kinaweza kununua bidhaa na kumuuzia mwanachama kwa bei iliyojulikana, au kumpa mfanyabiashara mtaji kwa mudharaba, wakagawana faida kwa asilimia waliyokubaliana. Aidha, sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na benki ya kwanza ya aina hiyo ilipewa leseni mwaka 2023. Kabla ya kukopa kwa simu pesa inayorudishwa na nyongeza, tuulize kwanza njia hizi.

6. Mpango wa mwezi

Suratul Baqara aya ya 233 inataja ridhaa na mashauriano ya wazazi hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Bajeti ya nyumba inastahiki zaidi mashauriano hayo. Basi:

Kwanza, andikeni matumizi yote kwa mwezi mmoja bila kubadilisha chochote. Daftari litawaonyesha panapovuja.

Pili, mapato yakiingia, toeni haki: deni, kodi ya nyumba, chakula, matibabu na shule.

Tatu, wekeni akiba siku ileile mapato yanapoingia, wala msingoje kitakachobaki. Mwenye mapato ya shilingi 600,000 akiweka 30,000 tu kila mwezi, kwa mwaka ana 360,000.

Nne, tengeni sadaka, hata kidogo. Mtume (s.a.w.) alimshauri Abu Dharri (r.a.) azidishe maji anapopika mchuzi ili awakumbuke majirani. Nyumba inayobana matumizi haifungi mlango wake.

Tano, wahusisheni watoto. Mtoto anayejua kwa nini taa inazimwa ataizima bila kugombezwa.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Hilo ndilo lengo la akiba: heshima ya familia, bila kumdhulumu yeyote ndani yake.

Maswali ya mjadala katika darasa

1. Kuna tofauti gani kati ya israfu na tabdhiri? Toa mfano mmoja wa kila moja kutoka maisha ya bweni.
2. Mume amepunguza chakula cha nyumbani ili anunue kiwanja, na mke hakuridhia. Jadili hukumu yake kwa madhehebu ya Shafi.
3. Utamwelezaje mzazi wako kuhusu kikundi cha riba bila kumvunjia heshima, na utampendekezea nini badala yake?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, aitie baraka, na awalipe kheri wazazi wetu kwa kila walichojinyima kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.