Amri Moja ya Kuingia Tarakilishi ya Mbali, na Amri ya Kutoka

Muhula uliopita mashairi ya mwenzetu wa Kidato cha Pili, yaliyokusudiwa jarida hili, yalifutwa. Kosa lilikuwa langu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu niwaeleze jinsi ya kuingia katika tarakilishi iliyo mbali na, muhimu zaidi, jinsi ya kutoka.

Katika Windows ipo programu iitwayo mstsc. Kazi yake ni kukuletea kiwambo cha tarakilishi nyingine iliyo katika mtandao. Yaani, ukiwa maabara waweza kuandika katika tarakilishi ya maktaba. Sharti ile ya maktaba iwe imewashwa, na mipangilio yake iruhusu wageni. Pia isiwe na Windows ya aina ya Home, kwa maana hiyo haipokei mtu. Nawe uwe na jina na neno la siri la kuingilia.

Kwanza, nenda maktaba, ufungue dirisha la amri uandike hostname. Litatokea jina la tarakilishi hiyo. Tuseme ni MAKTABA1. Rudi maabara, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

mstsc /v:MAKTABA1

Ule mkwaju tunaoujua katika uakifishaji, hapa huonyesha kwamba agizo linafuata. Agizo /v: hutaja tarakilishi unayoiendea. Ukiongeza /f, kiwambo chote kitajaa. Ukitaka dirisha dogo, ongeza /w:1024 /h:768, yaani upana na kimo. Mipangilio yako waweza kuihifadhi katika faili ya .rdp, na siku ya kuirekebisha uandike mstsc /edit pamoja na jina la faili.

Sasa kosa langu. Nilikubali neno la siri lihifadhiwe katika tarakilishi ya maabara, ambayo sisi sote twaitumia. Nilipomaliza nikafunga dirisha kwa alama ya X, nikaenda zangu nyumbani. Kumbe kufunga dirisha si kutoka! Kazi yako hubaki wazi kule, ikikungoja. Aliyekaa baada yangu aliingia bila kuulizwa chochote, akafuta. Mwenzetu hakuwa na nakala. Aliyaandika upya kwa kukumbuka tu, na beti mbili hazikurudi. Kweli majuto ni mjukuu.

Kwa hivyo, penye tarakilishi ya watu wengi andika:

mstsc /v:MAKTABA1 /public

Hapo neno la siri halihifadhiwi. Ukimaliza kazi, fungua dirisha la amri ndani ya kile kiwambo cha maktaba, uandike logoff. Hapo ndipo umetoka kweli.

Ndugu yangu wa Kidato cha Pili, nakuomba msamaha tena. Mashairi yako yamo humu jaridani. Msomaji akiona pengo, ajue ni mimi.