Woga wa kuruka kwa mwavuli hautaki vidonge

Na Daktari Wetu, Machakos

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34, aliingia katika kliniki yangu hapa mjini Machakos akiwa na ombi ambalo sikuwa nimewahi kulisikia katika miaka yangu yote ya kazi. Hakuwa na homa wala kikohozi. "Daktari," alisema, "nataka dawa ya woga."

Alinieleza kwamba yeye na wenzake wa chama chao cha kuweka akiba walikuwa wamechanga fedha mwaka mzima ili waende Diani, Kaunti ya Kwale, wakaruke kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Zilibaki wiki tatu. Tangu alipe pesa hizo, usingizi ulikuwa umemkimbia. Kila alipowaza mlango wa ndege, moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho na tumbo likavurugika. Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba kuna vidonge vya kutuliza moyo ambavyo baadhi ya wanamuziki humeza kabla ya kupanda jukwaani. Vidonge hivyo ndivyo alivyokuja kuvitafuta.

Alifuatana na shemeji yake, mfanyabiashara wa miaka 52, ambaye alikuwa katika msafara huo huo. Naye alisema moyo wake "umeanza kuruka kabla yake mwenyewe." Tulicheka sote watatu. Lakini baada ya kuwapima niligundua kwamba mmoja wao alikuwa na woga tu, na mwingine alikuwa na ugonjwa uliojificha nyuma ya woga. Somo letu la leo, wasomaji wapenzi, ni jinsi ya kutofautisha mambo hayo mawili, na jinsi ya kuubeba woga ukishajua kwamba ni woga.

Mchezo wenyewe ulivyo

Anayeruka kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupelekwa na mkufunzi. Hufungwa kwa mikanda kifuani pa mkufunzi huyo, wakaruka kama mtu mmoja. Huko Diani, ambako kampuni ya Skydive Diani imekuwa ikiwarusha wageni na wenyeji, hutua ufukweni. Kwa kawaida ndege katika mchezo huu hupanda hadi futi 10,000 au 12,000. Futi 12,000 ni kama mita 3,650 kutoka usawa wa bahari, yaani kama kilomita mbili juu ya mapaa ya nyumba zetu hapa Machakos.

Wakishatoka mlangoni, wawili hao huanguka kwa muda usiofika dakika moja hivi, kwa kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa. Kisha mwavuli mkubwa hufunguka, nao huelea taratibu kwa dakika chache hadi chini. Mgongoni mwa mkufunzi mna miavuli miwili, mmoja wa kutumia na mwingine wa akiba. Aidha, kuna kifaa kidogo ambacho huufungua mwavuli wa akiba chenyewe iwapo wanakaribia ardhi wakiwa bado wanaanguka kwa kasi.

Ninayaeleza haya kwa sababu mtu huogopa zaidi jambo asilolijua. Mwalimu wetu aliamini kwamba yeye ndiye atakayevuta kamba, na kwamba akisahau watakufa wote wawili. Nilipomweleza kwamba kazi hiyo ni ya mkufunzi, nusu ya woga wake iliondoka pale pale.

Mwili unafanya nini?

Woga si ugonjwa, wala si aibu. Ubongo unapoona au kuwaza hatari, hutuma habari kwa tezi mbili ndogo zilizoketi juu ya figo. Tezi hizo humwaga ndani ya damu kichocheo kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi ili kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Tumbo hupunguziwa damu, ndiyo sababu hukoroga. Mate hukauka, ngozi hutoa jasho, na mtu huhisi haja ndogo kila mara. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Kwa bahati mbaya, haujui kwamba umeketi tu kitandani ukiwaza safari ya wiki ijayo.

Mwenye woga pia huhema haraka haraka. Kwa kuhema hivyo huitoa kwa wingi hewa ya kaboni dayoksidi ambayo damu huihitaji kwa kiasi fulani. Hapo vidole na midomo huanza kuwasha kama vinachomwa sindano, kichwa huzunguka, na mtu hudhani anakufa. Hafi. Akipunguza mwendo wa pumzi, dalili hizo huondoka katika dakika chache.

Mtu asidhani kwamba mashujaa hawayajui haya. Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili wa saikolojia huko Marekani, Walter Fenz na Seymour Epstein, waliwapima waruka kwa miavuli mapigo ya moyo na pumzi tangu wakiwa chini hadi ndege ilipofika juu. Kwa wanagenzi, msisimko uliendelea kupanda mpaka dakika ya kuruka. Kwa wazoefu ulipanda pia, lakini ulipanda mapema, kisha ukashuka kabla ya kuruka. Yaani wazoefu nao huogopa, ila wamejifunza kuogopa mapema na kutulia mapema. Jambo hilo mtu anaweza kujifunza.

Woga au ugonjwa?

Nilimpima mwalimu shinikizo la damu alipoingia tu, nikapata 148 kwa 86. Nilimwacha aketi kimya kwa dakika kumi, miguu yote miwili ikiwa chini, kisha nikampima tena. Ilikuwa 124 kwa 78. Huo ulikuwa woga. Ulikuja pamoja na wazo, ukaenda na wazo.

Shemeji yake nilimpata na 190 kwa 112. Baada ya nusu saa ilikuwa 186 kwa 110. Nilimwomba arudi kesho yake na kesho kutwa, na hesabu hazikubadilika sana. Nilipomdadisi zaidi, alikiri kwamba moyo ulikuwa ukimwamsha usiku tangu mwaka uliotangulia, kabla hata ya safari hiyo kutajwa. Kichwa kilimuuma kila asubuhi. Hakuwa amemwambia mtu. Safari ilipopangwa, alipata jina zuri la kuiita hali yake: woga. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Hizi hapa ni alama za kukusaidia. Woga huja unapolifikiria jambo, na hupungua unapofikiria jingine. Ugonjwa huja hata ukiwa unaangalia mpira au umelala. Ukisikia moyo ukienda mbio bila sababu, ukiishiwa na pumzi kwa kupanda ngazi chache, ukibanwa na kifua unapotembea, ukizimia, au ukikonda huku mikono ikitetemeka kila siku, usiseme ni woga. Huenda ni shinikizo la damu, upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Nenda ukapimwe, uwe unaruka au huruki.

Nani asiruke?

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asiruke bila idhini ya daktari wake. Mjamzito asiruke. Mwenye maumivu ya mgongo au magoti akumbuke kwamba mwavuli hufunguka kwa mshtuko na kwamba kuna kutua. Mwenye selimundu ajue kwamba juu kule hewa ya oksijeni ni haba, na uhaba huo unaweza kumletea maumivu makali. Mwenye kisukari anayedunga insulini asipande akiwa na njaa, kwani mtetemo wa sukari kushuka unafanana kabisa na mtetemo wa woga.

Mwenye mafua yaliyoziba pua na masikio naye angoje. Mtu anaposhuka haraka, hewa iliyonaswa ndani ya sikio huleta maumivu makali na hata kupasua kiwambo cha sikio.

Jambo jingine linalosahauliwa na wageni wa Pwani: aliyepiga mbizi baharini akitumia mtungi wa hewa asiruke siku hiyo. Angoje angalau saa 24, na zaidi ikiwa alipiga mbizi mara nyingi au alikwenda kina kirefu. Akipanda juu mapema, hewa iliyoyeyuka katika damu yake hutoka kwa mapovu, na mapovu hayo yanaweza kumpoozesha.

Vidonge, pombe na muguka

Nilimnyima mwalimu vidonge alivyoviomba, na sababu zangu ni hizi. Dawa za usingizi kama diazepam hulegeza misuli na kupunguza akili, ilhali anayeruka anatakiwa kusikia maagizo na kuinua miguu wakati wa kutua. Zile za kutuliza moyo, kama propranololi, zinaweza kumletea mwenye pumu shambulio kali, na humficha mwenye kisukari dalili za sukari kushuka. Usimeze dawa aliyoandikiwa jirani.

Pombe humdanganya mtu kwamba amekuwa jasiri, na wakufunzi humkataa anayenuka pombe. Miraa na muguka huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, yaani huongeza yale yale unayoyakimbia.

Mazoezi ya wiki mbili

Nilimpa mwalimu mazoezi matatu. La kwanza ni la pumzi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo likifura, kisha itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika tano asubuhi na tano jioni. Usingoje siku ya kuruka ndipo uanze, kwa sababu mwili hukumbuka ulichouzoeza.

La pili ni la misuli. Kunja ngumi kwa nguvu ukihesabu hadi tano, kisha ziachilie. Fanya hivyo kwa mabega, halafu kwa miguu. Mwili uliobanwa na kuachiliwa hujifunza kulegea.

La tatu ni la maneno. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana msisimko kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vyema kuliko waliojaribu kujituliza. Basi usiseme, "Siogopi," maana mwili wako unajua unadanganya. Sema, "Moyo unakwenda mbio kwa sababu nina hamu na jambo hili."

Siku yenyewe

Usisafiri kwa basi la usiku kutoka Machakos ukashukia uwanja wa ndege asubuhi. Fika siku moja mapema, lala, kunywa maji ya kutosha kwa ajili ya joto la Pwani. Asubuhi kula chakula chepesi, kama uji na ndizi. Tumbo tupu huleta kizunguzungu, na sahani ya muthokoi itataka kurudi njia iliyopitia.

Mwambie mkufunzi ukweli wote: maradhi yako, dawa zako, na kwamba unaogopa. Yeye amewabeba waoga wengi. Ndani ya ndege tazama mbali, kwenye upeo wa macho, na utafute vitu vitano vya kutaja kimoyomoyo: bahari, mwamba, mnazi, mashua, wingu. Mlangoni ndipo woga hufika kileleni, nao haudumu. Toa pumzi yote, kisha mwachie mkufunzi kazi yake.

Ukiona huwezi, sema mapema, na wenzako wasikucheke wala kukusukuma. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Pumzi niliyofundishwa

Sijawahi kuruka kwa mwavuli. Lakini ninaujua mlango wa ndege kwa njia yangu. Nilipokuwa daktari mwanagenzi, usiku wa upasuaji wangu wa kwanza wa kumtoa mtoto, mikono ilinitetemeka hata sikuweza kushika kisu sawasawa. Sista mmoja mzee alininong'oneza, "Mwanangu, toa pumzi kwanza." Nilitoa. Mikono ikatulia. Mtoto akalia.

Mwalimu alirudi kuniona baada ya safari. "Daktari, mlangoni niliogopa kuliko siku zote," alisema. "Nikatoa pumzi. Kisha sikumbuki kama niliogopa tena." Shemeji yake hakuruka. Alibaki ufukweni akiwashikia wenzake mikoba na simu, na alinung'unika njia nzima ya kurudi. Sasa anameza dawa kila siku, amepunguza chumvi, na shinikizo lake limeshuka hadi 134 kwa 84. Kichwa hakimuumi tena asubuhi, na moyo haumwamshi usiku. Kila akija kliniki huniuliza kama mwakani nitamruhusu. Nami humjibu kwamba hesabu za kipimo ndizo zitakazosema.

Basi msomaji, hata kama huna haja ya kuruka popote, pimwa shinikizo la damu juma hili. Woga utajulikana kuwa ni woga, na ugonjwa utatibiwa ungali mapema.